Gari Linalougua Fundi Akiwa Hayupo

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, usijali, sitakuchelewesha.

Mimi ni Mwololo, muuzaji wa dawa za mifugo, mkazi wa Kitengela, mume wa Naeku, na mwenye gari jeupe la mtumba lenye maradhi ya kinafiki. Likiwa barabarani huzimika ghafla. Ukingoja kidogo linawaka na kuendelea na safari kana kwamba halijamkosea mtu.

Nilinunua pamoja nalo waranti ya ziada ya miaka miwili. Waranti hiyo inasema gari litatibiwa bure, ila kwa sharti moja: fundi wa kampuni ya waranti lazima auone ugonjwa kwa macho yake mwenyewe. Nimelipeleka kwenye gareji yao pale Kitengela mara tano. Mara tano limenguruma vizuri kama kwaya ya Pasaka, na mara tano fundi wao, dada mmoja aitwaye Nakhumicha, ameandika kwenye fomu neno moja tu: "Haikuonekana."

Waranti ilikuwa inaisha Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Na bila gari, mimi kazini si mtu. Mkubwa wangu alikuwa ameniambia hivyo mara mbili, ya pili bila hata kunisalimia.

Mliniacha Jumatatu mchana, nje ya boma la baba mkwe wangu, Mzee Lemein, kule Mashuuru. Gari lilikuwa limezimika katikati ya lango, pua ndani, mkia nje. Ng'ombe wa mzee walikuwa wamerudi kutoka majini na hawakuwa na pa kupitia. Na mzee mwenyewe alikuwa anakuja, fimbo mkononi.

Kabla hajafika, acha niungame jambo moja. Tangu nimuoe binti yake, mzee huyu hakuwahi kuniita kwa jina lolote. Wakwe zake wengine wana majina mazuri ya Kimaasai. Mmoja anaitwa Pakiteng, mwingine Paker, na kila mzee akiwaita, nao humjibu kwa jina hilo hilo, wanacheka, wanashikana mikono. Nilidhani ni majina ya utani. Mimi nilikuwa "huyu." Huyu amekula? Huyu analala wapi? Huyu mbona ananiangalia hivyo?

Niliona wivu, na sioni haya kusema.

Mzee akasimama mbele ya gari, akalitazama.

"Imekufa?"

"Imepumzika tu, Baba."

"Imepumzika kwa mlango ya ng'ombe."

"Itaamka saa hii, Baba."

Akalizunguka pole pole, akapitisha mkono juu ya boneti jinsi anavyopima ndama mwenye homa. Akainama akatazama chini. Akanusa hewa. Nyuma yangu ng'ombe thelathini walikuwa wananisukumia pumzi shingoni.

"Ni gari mzuri," akasema hatimaye. "Iko na mgongo mrefu."

Basi hapo ndipo nilipojimaliza. Mimi nikiona aibu huwa naongea, na siku hiyo aibu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni. Kwetu Wakamba mgeni akisifu kitu chako unamwambia ni chake, naye anacheka, mnaendelea na chai. Mama yangu Mbeke ameshagawa viti vyake vyote kwa mdomo tangu nikiwa mdogo, na hadi leo hakuna kilichotoka mlangoni.

"Baba, hii gari ni yako," nikasema. "Mimi ni dereva tu."

Mzee hakucheka. Akaliangalia gari tena, kwa jicho jingine.

"Umesema aje?"

"Nimesema ni yako, Baba. Kabisa."

Akalitemea boneti mate kidogo, kwa upole, vile wanavyobariki. Kisha akaninyooshea mkono.

"Sawa," akasema. "Pangari."

Nilihisi machozi. Nilikuwa nimepata jina. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili na nikamjibu kwa jina hilo hilo, jinsi nilivyowasikia wenzangu wakifanya. "Pangari," nikasema.

Halafu nikajaribu ufunguo, na gari, kwa unafiki wake, likawaka.

"Kesho nakuja huko kwenu Kitengela," mzee akaniambia dirishani. "Nitakaa na hii gari mpaka nijue inaugua nini."

Nikafikiri ni mapenzi. Mzee wa miaka sabini na kitu aache ng'ombe wake aje kunisaidia mimi na kigari changu. Niliendesha hadi nyumbani nikiimba.

Jumanne asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, alikuwa ameshaketi kiti cha mbele. Alikuwa na fimbo yake, koti lake kubwa na kibuyu cha maziwa. Nilipomwambia tutazunguka kutwa nzima, Isinya, Kajiado, mpaka Ilbissil, nikipeleka dawa kwenye maduka, alisema sawa. Nilipomwambia afunge mshipi, aliniambia mshipi nifunge mimi, yeye haendi kuanguka.

Mchana kutwa hakuongea karibu lolote. Aliuliza tu maswali ya ajabu.

"Imekula saa ngapi?"

"Nimeweka mafuta asubuhi, Baba."

"Imekunywa?"

"Maji iko."

"Jana ililala kwa jua ama kwa kivuli?"

Nilitaka kucheka nikaogopa. Nakhumicha aliwahi kuchomeka kompyuta yake ndani ya gari hili, akaisoma kwa dakika arobaini, akaniambia halina kitu. Sasa mimi nilikuwa naulizwa lililala wapi.

Siku hiyo lilizimika mara mbili, na mara zote mbili mzee hakushtuka. Alishuka, akaweka kiganja kwenye boneti, akatazama jua liko wapi, akarudi ndani. Jumatano likazimika mara nyingine, nje kidogo ya mji wa Kajiado, malori yakinipigia honi na dereva mmoja akinieleza kuhusu ukoo wangu mambo ambayo hata mimi sikuyajua.

Mzee akageuka akaniangalia.

"Nimejua," akasema.

"Umejua nini, Pangari?"

"Hii gari haifi asubuhi. Haifi ikiwa inakimbia. Inakufa ukiisimamisha ikiwa na joto, uende kwa duka uongee na mtu kidogo, urudi uwashe. Unaenda mbali kidogo tu, inalala."

"Lakini hapo Isinya nilisimama na haikuzima."

"Hapo Isinya uliongea sana. Uliongea na yule mama wa duka mpaka gari ikapoa. Ukiongea kidogo, inakufa. Ukiongea sana, haifi. Wewe siku nyingi unaongea sana, ndio maana huelewi."

Nikaanza kuhesabu. Kila mara lilipozimika, kweli, nilikuwa nimetoka kusimama kidogo mahali. Hata kule langoni kwake Mashuuru, nilikuwa nimesimama dukani kununua sukari ya kumpelekea. Na gareji je? Pale gareji unafika saa mbili, unapanga foleni saa nzima, na Nakhumicha anapolifikia gari limeshapoa. Miezi mitatu mimi na kompyuta tumeshindwa, na mzee amejua kwa siku mbili akiwa ameketi tu.

"Mnyama mgonjwa haulizwi mbio mbio," akasema. "Unakaa naye."

Nilimpenda sana mzee huyu wakati huo. Nataka mkumbuke hivyo mkifika mwisho.

Tukakubaliana: yeye arudi Mashuuru aangalie ng'ombe, Ijumaa mchana nimchukue Isinya tuje gareji pamoja, aliue gari mbele ya Nakhumicha, auone ugonjwa. Nikalala usingizi wa mtoto.

Alhamisi saa kumi Naeku akatoka kazini. Anafundisha chekechea, na huwa anaingia nyumbani akiwa na chaki kwenye nywele na hasira za watoto arobaini. Alinikuta sebuleni nikiongea na simu.

"Ndio, Pangari. Kesho, Pangari. Sawa kabisa, Pangari."

Nilipokata, alikuwa bado amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Huyo ni nani ulikuwa unaongea na yeye?"

"Baba yako."

"Na unamwita nani?"

"Pangari. Tumepatana jina. Hata mimi ananiita hivyo." Nilijaribu kutoonyesha fahari, ikashindikana. "Si unaona Pakiteng na Paker? Sasa na mimi niko kwa hiyo timu."

Naeku akaketi. Hakuketi kwenye kiti, aliketi kwenye mkono wa kiti.

"Unajua kwa nini shemeji yangu anaitwa Pakiteng?"

"Ni jina la utani."

"Si utani. Alimpea Baba ng'ombe. Enkiteng ni ng'ombe. Paker alimpea kondoo. Ukimpea mtu kitu ya maana, mnaacha majina yenu, mnaanza kuitana kwa hiyo kitu mpaka mkufe. Sasa engari ni nini?"

Kimaasai changu ni kidogo, lakini si kidogo hivyo.

"Engari ni gari," Naeku akasema, pole pole, kwa sauti ya chekechea. "Wewe umempea baba yangu gari."

"Nilikuwa naongea tu."

"Alipokuita Pangari, ulimjibu aje?"

"Nikamwambia Pangari."

"Mara ngapi?"

Nilifikiria Jumanne yote na Jumatano yote. "Mingi," nikasema.

Akaziba uso kwa mikono. Kwa muda kidogo nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu ikawa analia kweli.

"Unajua amefanya nini?" akaniuliza. "Dada yangu Kakenya amenipigia simu saa sita, nikamwona kama amechanganyikiwa. Ananiambia Baba ametangazia watu sokoni Mashuuru mkwe wake Mkamba amempea gari. Jumapili anachinja. Ameita wazee wote wa pale kuja kubariki. Ati watu walimcheka miaka yote kwa kuozesha msichana wake Kitengela kwa mtu hana hata mbuzi, sasa waje waone."

Nikainuka nikaenda chumbani, nikatoa zile karatasi za waranti chini ya godoro, nikaanza kutafuta nisichokijua. Naeku akaninyang'anya. Yeye husoma vitu mpaka mwisho, ndiyo tabia yake mbaya.

"Hapa," akasema. "Kifungu cha tisa. Waranti hii itakoma mara gari litakapouzwa, litakapopeanwa au litakapoahidiwa mtu mwingine."

Akanirudishia karatasi.

"Kwa hivyo, kama gari ni ya Baba, waranti imekufa tangu Jumatatu," akasema. "Na kama waranti haijakufa, gari si ya Baba."

"Nimeelewa."

"Basi mpigie saa hii. Mwambie haukujua. Baba ni mtu wa kuelewa, atakasirika siku mbili, atakucheka miaka kumi, itaisha. Lakini mwambie wewe, kabla ya Jumapili, na umwambie uso kwa uso kama unaweza."

"Nitamwambia kesho jioni. Baada ya gareji."

"Kwa nini baada?"

Hapa ndipo ninapotaka kuungama vizuri, maana wiki zote zilizopita nimekuwa nikisingizia gari.

"Kwa sababu ni yeye peke yake anajua kuliua," nikasema.

Naeku akanyanyuka akachukua mkoba wake, akaenda jikoni, na chai aliyopika siku hiyo ilikuwa ya mtu mmoja.

Ijumaa saa saba nilimchukua mzee Isinya. Alikuwa amevaa vizuri, shuka jipya jekundu, shanga, na viatu vya ngozi badala ya vile vya tairi. Aliingia kiti cha mbele, akafuta vumbi kwenye dashibodi kwa ncha ya shuka. Nilipoona vile anafuta, nusura nimwambie pale pale. Nikawasha redio.

Gareji tulifika saa nane na nusu. Nakhumicha alituona tukiingia akaweka mikono kiunoni. Ni mwanamke mfupi, mpana, ovaroli yake haina doa hata moja, na hilo kila mara hunitia wasiwasi kuhusu fundi.

"Bwana Mwololo. Mara ya sita."

"Leo utaiona."

"Ndivyo ulisema mara ya tano."

Mzee akashuka, akamnyooshea mkono. "Mama, wewe ndio daktari?"

"Ndio, mzee."

"Hii gari unaiangalia ikiwa baridi. Leo uiendeshe mpaka ipate joto sana. Urudi, uzime. Unywe chai, kikombe nusu. Si kikombe mzima. Halafu uwashe uende."

Nakhumicha aliniangalia kuuliza kama huu ni mchezo. Nikatikisa kichwa. Akapumua, akaingia kwenye usukani, mzee kiti cha mbele, mimi nyuma na maboksi ya dawa. Akatupeleka hadi njia ya kwenda Isinya, akageuza, akarudi mbio, akazima uani. Akamimina chai nusu kikombe kutoka kwenye thamosi yake, akaanza kunywa akitazama saa.

Ikawa vizuri hadi pale. Kisha askari wa langoni akaja.

"Supa," askari akamsalimia mzee kwa Kimaasai.

"Ipa," mzee akajibu.

Kumbe askari ni mtu wa Ilbissil, na anawajua watu wa mzee, na Wamaasai wawili waliokutana hawawezi kuachana kabla hawajapeana habari zote. Wakaanza na mvua. Wakaja kwenye ng'ombe, mmoja baada ya mwingine kwa rangi. Wakaja kwa waliokufa, kwa waliooa, kwa mbuga iliyoungua, kwa mtu fulani aliyehamia mtaa wa Laiser Hill akajenga ghorofa na haonekani tena. Kila mmoja akimaliza mwenzake anaitikia, ee, ee, na kuanza upya. Mzee alikuwa amesahau gari kabisa. Na Nakhumicha hakutaka kuondoka bila mzee, kwa hivyo alimngoja, akamaliza nusu kikombe chake na kuanza mandazi.

Dakika arobaini na tano. Nilitamani kulia, lakini mkwe hamkatizi mzee maongezi.

Alipowasha, gari likaenda vizuri kama kwaya ya Pasaka na Krismasi kwa pamoja. Tukazunguka mara mbili. Nakhumicha akarudi, akatoa kalamu.

"Nimeongea sana," mzee akasema. Hakuonekana kujuta. "Turudie."

"Mzee, niko na magari manne hapa."

"Mama. Ng'ombe ikishindwa kuzaa mara ya kwanza, unaenda nyumbani?"

Nakhumicha aliiangalia kalamu yake, akaiangalia saa, akairudisha kalamu mfukoni. Ilikuwa saa kumi kasoro kidogo. Tukarudia. Njia ya Isinya, mbio, rudi, zima. Safari hii mimi mwenyewe nilienda kusimama langoni na askari, nikamshika maongezi ya mpira ili asimkaribie mzee. Nakhumicha akanywa chai nusu kikombe. Akawasha, akanipakia pale langoni, akatoka nje, akapita kituo cha mafuta.

Likazimika.

Halikukohoa wala kutikisika. Lilikata tu, katikati ya barabara ya Namanga, na mwendeshaji boda nyuma yetu akatupa neno ambalo gazeti hili halichapishi.

Nakhumicha akajaribu ufunguo mara tatu. Injini inazunguka, haishiki. Akashuka, akafungua boneti, akaingiza mkono huko chini kando ya injini na kuurudisha haraka kwa joto. Akaomba maji, mzee akampa kibuyu, fundi akasema hapana mzee, maji si maziwa. Nikampa chupa yangu. Akalowesha kitambaa, akakishikilia pale chini kwa dakika mbili, halafu akaniambia niwashe.

Likawaka mara moja.

"Ni sensa ya krenki," akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, alionekana kama mtu aliyepata pesa kwenye koti la zamani. "Ndiyo inaambia injini inazunguka aje. Ikipata joto kali inanyamaza. Injini haijui iko wapi, inazima. Ikipoa inaanza kuongea tena. Na hii ya kwako ni janja, haiachi hata alama kwa kompyuta." Akamgeukia mzee. "Wewe umejuaje?"

"Nilikaa nayo," mzee akasema.

Tukarudi uani kama watu wanaotoka harusini. Nilimshika mzee bega. Mzee akanishika mkono. "Pangari," akasema. "Pangari," nikasema.

Ofisini ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Nakhumicha akatoa fomu mpya, akaandika kwa herufi kubwa neno ambalo nilikuwa nimelisubiri miezi mitatu: "Imeonekana." Akageuza ukurasa.

"Weka sahihi hapa, Bwana Mwololo. Kisha tunahitaji shahidi aliyeona hitilafu. Mzee, utaweka kidole?"

Mzee akasema ataweka. Mimi nikatia sahihi haraka bila kusoma. Sikuhitaji kusoma, kifungu cha tisa nilikuwa nakijua kama sala ya Baba Yetu Uliye Mbinguni. Nakhumicha akamsogezea mzee kile kisahani cha wino. Mzee akabonyeza dole gumba, akaliinua likiwa la bluu, akaliweka juu ya karatasi bila kugusa.

"Nisomee kwanza," akasema. "Siweki kidole kwa kitu sijui."

"Ni sawa kabisa, mzee." Na Nakhumicha, Mungu amsamehe, akasoma kwa sauti safi ya mtu aliyefurahia kazi yake. "Mimi Mwololo natangaza kwamba gari hili ni langu peke yangu, na kwamba sijaliuza, sijalipeana wala sijaliahidi kwa mtu mwingine yeyote. Hitilafu imeonekana mbele ya shahidi."

Dole gumba likabaki hewani.

"Soma tena, mama."

Alidhani hakusikia. Akasoma tena, kwa sauti zaidi, akiweka kidole kwenye kila neno.

Mzee akanigeukia. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Pangari," akaniuliza kwa upole. "Hayo maneno ni kweli?"

Ukutani ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika sita. Nikafikiria kazi yangu. Nikafikiria gari lisilotibiwa, maboksi ya dawa, kodi, nikijieleza kwa mkubwa asiyesalimia. Nikafikiria pia kusema, Baba, samahani, sikujua, na kuichana ile karatasi. Nilifikiria hayo yote, mnisikie. Sikukosa kuyafikiria.

"Ni kweli, Baba," nikasema.

Mzee akateremsha dole gumba, akalibonyeza katikati ya kisanduku, kwa uangalifu, bila kutoka nje ya mstari. Nakhumicha akapiga muhuri. Akasema hongera, gari libaki, litakuwa tayari Jumatano, halitanigharimu chochote.

Mzee alifuta wino kwenye shuka lake jipya. Akaenda nje, akafungua mlango wa mbele wa gari, akatoa fimbo yake na kibuyu, akaufunga mlango taratibu ili usigonge. Nilimfuata mpaka uani.

"Baba, ngoja nikutafutie gari ya kukufikisha mpaka Mashuuru. Nitakueleza tukiwa njiani."

"Hapana, Mwololo," akasema.

Miaka miwili na nusu tangu nimuoe Naeku. Sikuwa najua kama jina langu analijua.

"Jumapili wazee watakuja tu," akaendelea, "nyama tayari. Sitawaambia kitu. Utakuja uwaambie wewe. Na hiyo karatasi nimewekea kidole, uje nayo uwasomee."

Nyuma yangu, Nakhumicha, ambaye hakuwa ameelewa lolote, alikuwa anatoka ofisini akitabasamu, ameshika nakala yangu.